Maziwa Yapo, Tatizo ni Mshiko

"Maziwa yangu hayatoshi." Kaa asubuhi moja kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, iwe Temeke au Likoni, utaisikia kauli hiyo kabla jua halijapanda. Anayeisema mara nyingi ni mzazi wa wiki ya kwanza hadi ya sita, macho mekundu kwa kukesha, na mtoto analia kila akitolewa titini. Nyumbani kila mtu ameshampa la kufanya. Mama mkwe anataka mtoto aonjeshwe uji mwepesi, jirani ameleta dawa ya mchango, shoga yake amemtajia kopo la maziwa ya unga. Wote wanamtakia mema. Lakini kwa wazazi walio wengi sana maziwa yapo, au yangekuwepo. Kinachokosekana ni mtoto kulishika titi sawasawa na kunyonya mara za kutosha. Faida zote zinazosifiwa za kunyonyesha hupita hapo kwanza, kwenye mdomo wa mtoto uliokaa mahali pake. Ndiyo maana naanza na mdomo, faida zitafuata.

Titi si pipa linalojaa usiku likamwagwa asubuhi. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana vinavyotengeneza maziwa, na mirija inayoyaleta kwenye chuchu. Mtoto akinyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hutoa homoni mbili. Prolaktini huviagiza vifuko vitengeneze maziwa. Oksitosini hubana misuli midogo iliyovizunguka, maziwa yakasukumwa kutoka nje. Hiyo ndiyo inayofanya titi la pili lichuruzike wakati mtoto yuko kwenye la kwanza. Hofu, maumivu na maneno makali ya nyumbani huichelewesha oksitosini: maziwa yapo, ila hayashuki. Prolaktini nayo hupanda zaidi usiku, kwa hiyo mzazi anayeruka kunyonyesha usiku ili "yajae asubuhi" anajipunguzia mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawajaambiwa. Maziwa yakibaki ndani bila kutoka, titi lenyewe hupunguza kasi. Titi lililojaa hutengeneza polepole, lililonyonywa vizuri hutengeneza haraka. Ukimpa mtoto kopo moja jioni bila kukamua, titi limejifunza kwamba jioni maziwa hayahitajiki. Kesho litatoa pungufu, utaongeza kopo la pili, na baada ya wiki chache kauli ya "hayatoshi" imekuwa kweli. Haikuwa kweli ulipoanza.

Sasa mshiko. Mama aketi ameegemea, mgongo usiume wala mabega yasiinuke. Mto au kanga iliyokunjwa chini ya mkono inasaidia sana, hasa kwa aliyejifungua kwa upasuaji. Mtoto aletwe kwenye titi, si titi lifuatilie mtoto. Mwili wake mzima umwelekee mama, tumbo kwa tumbo, na sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja. Jaribu mwenyewe kumeza maji huku umegeuza shingo kutazama nyuma. Mtoto aliyelazwa chali kisha akageuzwa kichwa tu yuko katika hali hiyo hiyo. Asishikwe kisogo na kusukumwa, kwa sababu atajirusha nyuma. Mkono ushike mabega na shingo, kichwa kibaki huru kuinama kidogo kwa nyuma.

Pua yake iwe mkabala na chuchu, si mdomo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, subiri. Atafungua mdomo kidogo, usimpe bado. Subiri afungue kama anayepiga mwayo, ulimi ukiwa chini, kisha mlete haraka, kidevu kitangulie kugusa titi. Hapo chuchu inaelekea juu, kwenye paa la mdomo, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu inaingia kwa upande wa chini. Mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi. Ukitazama kwa juu, weusi unaobaki nje uwe mwingi juu ya mdomo wake kuliko chini. Kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinukia nje, mashavu yamejaa wala hayaingii ndani. Atanyonya haraka haraka mwanzoni, kisha maziwa yakishuka ataanza kuvuta pole pole kwa nguvu, anatulia, anameza. Kumeza kunasikika. Ukisikia mlio kama wa kubusu au kugonga ulimi, mshiko umelegea.

Maumivu ya sekunde chache mwanzoni, siku za kwanza, huwatokea wengi. Maumivu yanayoendelea muda wote wa kunyonya ni ishara kwamba mtoto ameshika chuchu peke yake. Usivumilie kwa kudhani ndiyo uzazi. Ingiza kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo wake ili kuachanisha, mtoe, anza upya, hata mara tano. Chuchu ikitoka mdomoni imebanwa bapa kama ncha ya lipstiki mpya, hapo pana jibu lako. Chuchu iliyochanika haihitaji sabuni wala spiriti. Pakaza tone la maziwa yako, liache likauke, na rekebisha mshiko. Bila hilo la mwisho hakuna mafuta ya dukani yatakayoponyesha. Wapo pia watoto ambao utando chini ya ulimi ni mfupi kiasi kwamba ulimi hautoki nje. Hao waonwe na mhudumu wa afya.

Saa ya kwanza baada ya kuzaliwa ina thamani kubwa. Mtoto akiwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa khanga kavu, huwa macho na mara nyingi hutafuta titi mwenyewe. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasisitiza aanze ndani ya saa hiyo, apewe maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Kinachotoka siku hizo za mwanzo ni dang'a, nzito na ya njano. Zipo nyumba ambazo bado huikamua na kuimwaga kwa kudhani ni maziwa machafu yaliyolala. Inaniuma kila ninaposikia hivyo. Dang'a ni kidogo, vijiko vichache kwa siku nzima ya kwanza, lakini imejaa kingamwili na vitamini A, na husaidia kutoa kinyesi cheusi cha mwanzo, jambo linalopunguza umanjano wa ngozi na macho. Tumbo la mtoto ni dogo. Kiasi hicho ndicho kinachomfaa. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya 2 na ya 4, na kwa aliyejifungua kwa upasuaji au aliyepoteza damu nyingi huweza kuchelewa kidogo.

Utajuaje kwamba anashiba? Si kwa kilio. Watoto wachanga hulia jioni hata wakiwa wameshiba, na kutaka titi kila saa jioni ni desturi yao. Mara 8 hadi 12 kwa saa 24 ni kawaida kabisa. Si kwa titi kuwa laini pia, kwa sababu baada ya wiki chache titi hulainika huku likitoa vilevile. Tazama nepi. Kuanzia siku ya 5 au 6, mikojo 6 au zaidi kwa saa 24, myeupe usio na harufu kali. Kinyesi kitoke kwenye weusi wa lami, kipite ukijani, na kufikia siku ya 5 kiwe cha njano na laini. Kisha tazama mizani. Mtoto hupungua uzito siku za mwanzo, na upungufu unaofika sehemu 10 katika 100 ya uzito wa kuzaliwa unahitaji kuchunguzwa kwa karibu. Uzito wa kuzaliwa urudi ifikapo wiki ya 2. Baada ya hapo, katika miezi 6 ya mwanzo, aongeze angalau nusu kilo kwa mwezi. Mstari kwenye kadi ya kliniki ukipanda, maziwa yanatosha, hata mama mkwe aseme mtoto ni mwembamba.

Ukosefu wa kweli upo, ila ni wa wachache: vipande vya kondo la nyuma vilivyobaki tumboni, kupoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, matatizo ya tezi ya shingo, upasuaji wa matiti, au titi ambalo halikukua vya kutosha. Mama wa namna hiyo apewe msaada na asitwishwe lawama. Mtoto asiyepata mkojo, anayelala sana bila kuamka kunyonya, au mwenye homa, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu maji. Maziwa ya mama ni maji kwa takribani sehemu 87 katika 100. Joto la Dar mwezi wa Februari halibadilishi jambo. Mtoto akiona kiu atanyonya, na yale maziwa mepesi ya mwanzo wa mnyonyo humkata kiu. Kijiko cha maji kinajaza tumbo lisilo na nafasi, kinapunguza kunyonya, na kama maji hayakuwa salama kinaleta kuhara. Maji ya sukari, maji ya mchele, dawa za mitishamba za mchango na dawa za gesi za dukani ziko kwenye kapu moja. "Maziwa ya mama pekee" maana yake ni pekee, isipokuwa dawa, matone ya vitamini au maji ya chumvichumvi yaliyoagizwa na mhudumu wa afya. Tanzania imefika mbali: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi 6 wakipewa maziwa ya mama pekee, na wa Kenya mwaka huo huo asilimia 60. Waliobaki, wengi wao wananyonya. Kilichoongezwa ni hicho kijiko.

Kinga inafanya kazi kwa namna ambayo kopo haliwezi kuiga. Mama akivuta vumbi la sokoni au akila kitu chenye vijidudu, mwili wake hutengeneza kingamwili dhidi ya vijidudu hivyo hasa, na kingamwili hizo hupita kwenye maziwa. Mtoto anayeishi nyumba moja naye, akipumua hewa ile ile, anapata kinga ya maradhi ya mtaa wake. Kingamwili hizo hufunika utando wa utumbo na koo ili vijidudu visijishike. Ndiyo sababu kuugua na kufa kwa kuhara na nimonia hupungua kwa watoto wanaonyonya, na kwa watoto njiti hupungua ule ugonjwa wa utumbo kuoza unaoua wengi wao wodini. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makadirio kwamba kunyonyesha kukiwa karibu kwa wote kungeokoa maisha ya watoto 823,000 kila mwaka duniani. Makadirio hayo hayo yalitaja vifo 20,000 vya akina mama kwa saratani ya matiti ambavyo vingezuilika.

Na mama mwenyewe? Huyu husahauliwa, kana kwamba kunyonyesha ni sadaka ya upande mmoja. Oksitosini ile ile inayoshusha maziwa hubana mfuko wa uzazi. Mzazi wa mtoto wa pili au wa tatu anajua maumivu ya tumbo yanayokuja mtoto akinyonya siku za mwanzo. Ni mfuko unaorudi, na damu inapungua. Haichukui nafasi ya sindano ya kuzuia damu anayochomwa wodini, inaongezea. Baadaye, uchambuzi mkubwa wa 2002 uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote, hupunguza uwezekano wa saratani ya matiti kwa takribani asilimia 4. Saratani ya ovari na kisukari cha ukubwani navyo hupungua kwa wanaonyonyesha.

Kunyonyesha pia huchelewesha mimba, lakini kwa masharti matatu yaliyo pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku bila kukaa zaidi ya saa 4 mchana au saa 6 usiku. Masharti yote yakiwepo, kinga ya mimba hufikia asilimia 98. Moja likivunjika, tafuta njia nyingine siku hiyo, kwani yai linaweza kupevuka kabla hujaona hedhi ya kwanza.

Hapa ndipo inapoingia hofu ya kubemenda, kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto atadhoofika. Tendo la ndoa halibadilishi maziwa. Lakini wazee hawakutunga kutoka hewani: walichokuwa wakikiona ni mtoto aliyeachishwa ghafla kwa sababu ya mimba mpya, akapewa uji mtupu, akakonda. Dawa yake ni uzazi wa mpango. Kumwachisha mtoto kwa siri, au mzazi kujificha asiende kliniki kwa kuogopa kuulizwa, ndiko kunakomdhoofisha.

Mama mwenye VVU naye ananyonyesha. Anatumia dawa za kufubaza virusi kila siku, mtoto anapewa dawa ya kinga na kupimwa kwa ratiba ya kliniki, na virusi vya mama vikiwa vimefubazwa, uwezekano wa kumwambukiza kwa maziwa huwa mdogo sana. Kinachoongeza hatari ni kuruka dawa, na katika miezi 6 ya mwanzo kuchanganya titi na uji au maziwa mengine, kwa sababu vyakula hivyo huuchubua utumbo. Chuchu yenye kidonda au titi lenye jipu lionwe haraka.

Siku ya 3 hadi ya 5 matiti huweza kujaa hadi yakawa magumu na kung'aa, mtoto akashindwa kuyashika. Kamua kidogo kwa mkono mpaka weusi ulainike, kisha mnyonyeshe. Baada ya kunyonya weka kitambaa cha maji baridi. Ule ukandaji wa nguvu kwa maji ya moto, ambao mzazi huumia hadi machozi, uachwe. Miongozo ya wataalamu iliyotolewa 2022 kuhusu uvimbe wa titi inasema wazi kwamba kukanda kwa nguvu na kukamua kupita kiasi huongeza uvimbe. Titi likiwa jekundu upande mmoja, na homa na kutetemeka kama malaria, endelea kunyonyesha kama kawaida, meza paracetamol, pumzika. Kama halijatulia ndani ya saa 24, nenda kituo cha afya. Huenda ukahitaji antibiotiki, na nyingi zinazotolewa kwa tatizo hilo hazimdhuru mtoto. Uvimbe unaobonyea kama una maji ndani ni jipu, nalo hutolewa usaha na mtaalamu. Maziwa hayo hayajawa sumu.

Chakula: mtori wa Kilimanjaro, supu ya pweza na uji wa pilipili manga wa Pwani ni vyakula vizuri kwa mzazi, maana vinampa nguvu na maji. Hakuna kimoja kinachotengeneza maziwa kama titi halinyonywi. Mama anahitaji takribani kalori 500 za ziada kwa siku, ambazo ni kama mlo mdogo mmoja zaidi, na anywe maji kadiri ya kiu.

Kisha likizo inaisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mmoja, na akirudi ana haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Kenya ni miezi 3, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Siku 84 ni wiki 12. Miezi 6 ni wiki 26. Wiki hizo 14 za katikati ndizo zinazowaangusha wengi, na kinachozivusha ni kukamua.

Anza kujifunza wiki 2 kabla ya kurudi kazini. Nawa mikono kwa sabuni. Weka dole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, kwenye ukingo wa weusi, vidole vingine vikilibeba titi. Sukuma kwanza kwa ndani kuelekea mbavuni, kisha bana, achia. Sukuma, bana, achia. Usitelezeshe vidole kwenye ngozi na usivute chuchu. Kwa dakika moja au mbili huenda kisitoke kitu, halafu matone, halafu mruko. Zungusha vidole kupata pande zote za titi, dakika 3 hadi 5, hamia titi la pili, rudi tena. Jumla dakika 20 hadi 30. Asubuhi hutoka mengi kuliko jioni. Kazini kamua kila baada ya saa 3, la sivyo titi litapunguza.

Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunyonya kati ya mililita 750 na 800 kwa siku nzima, kwa hiyo kwa saa 9 za kutokuwepo kwako milo 3 ya mililita 90 hadi 120 inawatosha wengi wao. Weka kila mlo kwenye chombo chake cha glasi au plastiki ngumu chenye mfuniko, kilichooshwa na kuchemshwa, na uandike tarehe na saa. Nje ya friji, mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, maziwa hukaa saa 4; kwenye joto la Pwani hesabu pungufu ya hapo, au tumia boksi lenye barafu. Ndani ya friji siku 4, nyuma kabisa, si mlangoni. Yaliyogandishwa hukaa miezi 6 yakiwa bora. Yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Mafuta yatapanda juu na chini yatabaki mepesi ya samawati kidogo. Hayajaharibika, tikisa polepole. Yapashwe kwa kukiweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, yasichemshwe jikoni.

Msaidizi amlishe kwa kikombe kidogo. Kikombe huoshwa kwa urahisi kuliko chupa, na mtoto hazoei chuchu ya mpira. Amketishe wima mapajani, aguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe, akiinamishe mpaka maziwa yafike tu kwenye ukingo, kisha asubiri. Asimmiminie. Mtoto atatoa ulimi na kuyalamba mwenyewe, au kuyavuta kidogo kidogo, na akishiba atafunga mdomo. Yaliyobaki kwenye kikombe yatumike ndani ya saa 2, zaidi ya hapo yamwagwe.